Akti ya kuzaliwa kwenye komini za Lubumbashi: kabla ya siku 90 na baada yake

Huduma inayopimwa hapa ni moja: kuandikisha mtoto na kupata akti, yaani hati yake ya kuzaliwa, kwenye ofisi ya etasivili (usajili wa vizazi, ndoa na vifo), katika komini, yaani manispaa, 7 za jiji letu la Lubumbashi, Kongo: Lubumbashi yenyewe, Kampemba, Kenya, Katuba, Kamalondo, Ruashi na Annexe. Jibu kwa mwenye haraka: mtoto wako akiwa hajatimiza siku 90, nenda. Huduma ni nzuri kuliko inavyosemwa mitaani. Siku 90 zikishapita, dirisha ni lilelile na mtumishi ni yuleyule, lakini huduma imegeuka: inaenda polepole, ina gharama, na nje ya geti kuna watu kibao wanaojidai kukusaidia. Watu humlaumu mtumishi wa dirishani. Ukifuatilia sheria zenyewe utaona kwamba yeye ndiye wa mwisho kwenye mstari. Kinshasa, yaani serikali kuu, imeahidi, jimbo limepanga ushuru, komini imeachiwa kazi na mfuko mtupu.

Kwanza kinachofaa. Kuandikisha mtoto ndani ya muda ni kazi ya kalamu na kitabu, haisubiri kompyuta. SNEL ikikata umeme, kitabu bado kinaandikika. Kinachosimama ni fotokopi tu. Mzazi aliyefika na karatasi kamili anaweza kuandikishwa papo hapo. Kinachochelewa mara nyingi ni saini, kwa sababu ofisa wa etasivili kisheria ni burgumesta, mkuu wa komini, na burgumesta ana mikutano, wageni na safari za jumba la mji. Ukiambiwa urudi siku fulani kuchukua akti, hilo peke yake si dalili ya kuombwa chochote. Ila kabla ya kuondoka, nakili namba tatu kutoka kwenye kitabu: namba ya akti, volyumu (kitabu) na folio (ukurasa). Ziandike kwenye simu, au piga picha kama wanakubali. Ukiwa nazo, kitabu kinapatikana hata baada ya miaka. Bila hizo, mtu atalazimika kufunua kurasa za mwaka mzima kukutafutia, na hapo ndipo mazungumzo ya "ya sukari", yaani hongo ndogo, yanapoanzia.

Karatasi za kupeleka ni chache. Kuna cheti cha kuzaliwa kutoka maternite, yaani hospitali ya uzazi, chenye jina la mama, tarehe na saa ya kuzaliwa, jinsia, pamoja na muhuri na saini ya daktari au mkunga. Kuna kadi za wazazi. Kwa kuwa kitambulisho cha taifa bado hakijawafikia raia wa kawaida, kadi ya mpiga kura ndiyo inayotumika. Kama mna akti ya ndoa, ichukueni. Chukua fotokopi mbili za kila kitu na uzitengeneze mjini kabla ya kufika, maana mashine ya jirani na komini hujua kwamba huna pa kwenda.

Hapa kuna kosa linalowakuta wengi. Cheti cha maternite si akti ya kuzaliwa. Familia nyingi hukitunza miaka, wakakipeleka shule ya msingi kikapokelewa, wakaamini mtoto ameshaandikishwa. Ukweli unajitokeza siku ya kutafuta paspoti, au mtihani wa taifa, au siku mtoto anapovushwa Kasumbalesa kwenda Zambia na ofisa anataka karatasi yenye muhuri wa komini. Kwa takwimu za uchunguzi wa kaya wa MICS wa 2017-2018, watoto walioandikishwa kwenye etasivili kabla ya kufikia miaka 5 walikuwa kama 40 kwa kila 100 nchi nzima. Sehemu ya wale 60 waliobaki wana cheti cha maternite kabatini.

Nani anaruhusiwa kwenda? Baba, au mama. Sheria haimtaki mama asubiri baba arudi kutoka Kolwezi au machimboni. Akiwa na kadi yake na cheti cha maternite, anatosha. Ndugu wa karibu, daktari au mkunga aliyeshuhudia uzazi nao wametajwa na sheria. Mama anayerudishwa dirishani kwa sababu "papa hayupo" anaweza kusema kwa upole kwamba Sheria ya Jamaa inamhesabu yeye pia, na kuomba kuonana na mkuu wa ofisi. Swali la jina la baba kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ni jambo jingine, lina utaratibu wake wa baba kumkubali mtoto, lakini halipaswi kuzuia kuzaliwa kuandikwa.

Siku 90 zinahesabiwa tangu kuzaliwa. Hazianzi siku mama alipotoka hospitalini. Hili ni muhimu Lubumbashi, ambako kuna maternite zinazoshikilia karatasi, na wakati mwingine mama mwenyewe, mpaka deni lilipwe. Siku zinakatika huku mnatafuta pesa. Omba cheti mapema, hata kama hesabu ya mwisho bado, na ukikataliwa, fika komini ueleze hali kabla muda haujaisha kuliko kufika baada ya miezi minne na maelezo mazuri. Watumishi wakongwe wakati mwingine bado wanataja siku 30. Ndivyo ilivyokuwa kwenye Sheria ya Jamaa ya 1 Agosti 1987. Marekebisho ya 15 Julai 2016, sheria namba 16/008, yakafikisha 90. Itaje tarehe hiyo bila ukali na mjadala unaisha.

Sasa dirishani penyewe, na hapa tusimame kidogo. Mtumishi anaandika kwa mkono, kwa Kifaransa, na tarehe anaziandika kwa maneno, hatumii tarakimu. Anakuuliza majina kwa mdomo, huku nyuma yako watu wanasukumana na mtoto analia. Makosa huzaliwa hapo. Mwamba inakuwa Muamba, Kyungu inakuwa Kiungu, na kubwa zaidi, mpangilio wa jina na postnomu (jina la pili) unageuzwa. Ilunga Kasongo na Kasongo Ilunga, mbele ya sheria, ni watu wawili. Ibara ya 64 ya Sheria ya Jamaa inakataza kubadilisha jina, herufi zake au mpangilio wake kama ulivyotangazwa etasivili, isipokuwa kwa ruhusa ya korti na kwa sababu ya haki. Kwa maneno mengine, kosa la sekunde moja dirishani linasahihishwa kwa jalada la korti. Dawa yake ni rahisi mno. Andika majina yote nyumbani, kwa herufi kubwa, kila moja kwenye mstari wake: jina, postnomu, prenomu (jina la ubatizo), ya mtoto, ya baba, ya mama. Mpe mtumishi karatasi hiyo. Kabla ya kusaini, omba usomewe au usome mwenyewe kitabu, siyo nakala. Kama husomi Kifaransa vizuri, nenda na kijana anayesoma. Mtumishi mzuri hachukii. Anayechukia, alichoandika kisome mara mbili.

Angalia pia mahali pa kuzaliwa. Mtoto amezaliwa hospitali ya Sendwe, wazazi wanakaa Ruashi, bibi anakaa Katuba, na kila mmoja ana shauri lake kuhusu komini ya kwenda. Amueni moja tangu mwanzo na muulize kama inampokea mtoto huyo kabla ya kupanga foleni. Usimwandikishe mahali pawili kwa "usalama". Akti mbili zenye namba mbili ni tatizo litakalomkuta mtoto akiwa na miaka 18.

Kuhusu bei. Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto iko wazi: kuandikisha kuzaliwa ndani ya muda wa kisheria ni bure. Hakuna kifungu kinachosema bure isipokuwa karatasi, au bure isipokuwa wino. Hata hivyo mzazi anafika na kuambiwa: "Mama, makaratasi inaisha, leta kidogo ya fotokopi." Ni kiasi kidogo, kwa sauti ya upole, na bila kitansi. Tukisema ni wizi mtupu tutakuwa tumekosea nusu, na nusu hiyo ndiyo inayoeleza huduma nzima.

Hesabu yenyewe ni hii. Katiba ya 18 Februari 2006, ibara ya 175, inasema jimbo linapata asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, na inasema zikatwe palepale zinapokusanywa, kabla hazijaenda Kinshasa. Sheria ya kiungo namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 inaongeza kwamba miji, komini, sekta na shefferi (hizi mbili ni za vijijini) kwa pamoja wana haki ya asilimia 40 ya sehemu hiyo ya jimbo. Kwa hiyo kwenye faranga 100, jimbo linapaswa kupata 40, na vyombo vya chini vyote 16. Hizo 16 zinagawiwa Lubumbashi na Likasi, komini zao zote, na sekta na shefferi za Kambove, Kasenga, Kipushi, Mitwaba, Pweto na Sakania. Na hiyo ni kwenye karatasi. Kivitendo, kukata palepale hakufuatwi: pesa inapanda kwanza hazina ya Kinshasa, kisha inarudi kwa kiasi na kwa wakati ambao Kinshasa inaamua, inapita kwa gavana, na komini inapata kinachobaki kama kimebaki. Burgumesta anayepanga bajeti yake kwa kutegemea zile 16 anajidanganya, na wengi wameshajifunza.

Basi komini inaishi kwa kinachoingia dirishani na sokoni: ushuru wa meza, vibali, karatasi. Orodha ya ushuru ambao jimbo na komini wanaruhusiwa kuutoza imewekwa na Kinshasa, kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 18/004 ya 13 Machi 2018. Jimbo nalo lina maedikti, yaani sheria zake, na idara yake ya mapato, DRHKAT. Katika mpangilio wote huo, huduma moja imetangazwa bure na hakuna mstari hata mmoja unaosema nani anarudishia komini gharama yake. Kitabu cha rejista kinanunuliwa. Kinachapishwa, kinasafirishwa, kinahifadhiwa mbali na mvua na panya. Mara kwa mara wafadhili, UNICEF wakiwemo, wamevitoa; msaada ukiisha, dirisha linabaki na kitabu kilichojaa. Huo ndio udhaifu mkubwa wa huduma hii. Bunge lilitoa zawadi kwa pesa ya mtu mwingine.

Kwa mteja, kanuni ya kulipa ni hii: malipo halali yana karatasi. Nakala za ziada, nakala zilizothibitishwa na huduma nyingine za ofisi zinaweza kuwa na bei, na bei hiyo inapaswa kuwa imebandikwa ukutani. Ukilipa unapewa kitansi chenye namba, jina la huduma na muhuri. Ukiombwa pesa ya kuandikisha mtoto wa wiki tano, uliza swali moja tu: "Kitansi kitaandikwa huduma gani?" Mara nyingi bei inashuka au inapotea. Ukiamua kutoa kidogo ili siku yako isipotee, hilo ni lako. Lakini toa kwa faranga, usitoe dola, na usikubali "tutapanga baadaye", kwa sababu baadaye ina bei yake.

Kuna jambo ambalo wageni wa jiji hawaoni: komini zetu hazifanani mfukoni, na tofauti hiyo pia ni ya kisheria. Sheria ya madini iliyorekebishwa na sheria namba 18/001 ya 9 Machi 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: 50 kwa 100 serikali kuu, 25 jimbo, 15 chombo cha chini ambako mgodi unafanyia kazi, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Mrabaha wa shaba ni 3.5 kwa 100, wa kobalti ni 10 tangu ilipotangazwa madini ya mkakati mwaka 2018. Hizo 15 zinatakiwa kwenda moja kwa moja kwa komini husika, bila kupitia Kinshasa. Ruashi ina mgodi. Komini za Kamalondo na Kenya hazina mgodi. Zina soko, baa na watu. Hivyo raia wawili waliotenganishwa na barabara wanaweza kuhudumiwa na komini ambazo uwezo wake hauna ulinganifu, bila mmoja wao kufanya kosa lolote.

Je, mrabaha unaboresha dirisha la etasivili? Kwa maoni yetu, kidogo sana. Pesa ya mgodi, popote inapoingia katika eneo letu la shaba, hupenda ukuta, bati na rangi mpya, vitu vinavyokatiwa utepe. Kitabu cha rejista hakikatiwi utepe. Mtu asichanganye na ile 0.3 kwa 100 ya mauzo ambayo kampuni ya madini inapaswa kutenga kwa maendeleo ya jamii; hiyo ina kamati yake na miradi yake, shule na zahanati, wala haipiti kwa burgumesta.

Nyuma ya dirisha kuna watu, na nao wamefungwa na sheria ya juu. Hali ya watumishi wa dola inasimamiwa na sheria namba 16/013, iliyotiwa saini 15 Julai 2016, siku ileile na marekebisho ya Sheria ya Jamaa. Kinshasa ndiyo inayotoa namba ya matrikule na kulipa mshahara. Komini inaweza kuwa na chumba chenye watu wanane ambamo wachache wanalipwa. Waliobaki ni wale wanaoitwa "nuvel unite", wanafanya kazi wakingoja jina lao litokee kwenye orodha ya malipo. Burgumesta hawezi kuwaongezea mshahara na ana nguvu ndogo ya kuwaondoa. Ndiyo maana ubora wa huduma unategemea mno nani yuko zamu. Ushauri wa kivitendo: nenda asubuhi, katikati ya wiki, na uulize jina la preposhe anayeshika kitabu. Huyo ndiye wa kumfuata siku ya kurudi. Wengine chumbani ni wapokeaji tu.

Tufike siku ya 91. Kuanzia hapo komini haina ruhusa ya kuandika tu. Inahitaji hukumu, ile ambayo kila mtu anaiita supletifu. Kwa mtoto, unakwenda korti ya watoto. Kwa mtu mzima, korti ya amani, Tripaix. Unaandika ombi linalotaja majina yote, tarehe na mahali pa kuzaliwa, na sababu ya kuchelewa. Unaambatanisha cheti cha maternite. Kama kilipotea au mtoto alizaliwa nyumbani, unaleta mashahidi wanaojua uzazi ule, wenye kadi zao, na karatasi ya shefu wa kartye (mtaa) inaweza kusaidia. Hakimu anasikiliza, anatoa hukumu. Kisha unasubiri muda wa rufaa upite na kuchukua karatasi ya kwamba hakuna aliyekata rufaa. Ndipo unarudi komini, hukumu inaandikwa kitabuni, na akti inatoka.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Watu wengi wanashika hukumu, wanaona ina muhuri mkubwa wa korti, wanafurahi, wanaiweka plastiki na kwenda nyumbani. Hukumu ambayo haijaandikwa kwenye rejista ya komini ni kama bao lililofungwa baada ya filimbi. Miaka mitatu baadaye ofisi ya paspoti inaomba akti, na jalada la korti linatafutwa upya.

Kuhusu gharama, hapa ndipo ngazi tatu zinaonekana wazi mfukoni mwa mzazi mmoja. Ada za korti ni mapato ya serikali kuu, zinapita DGRAD, idara ya mapato ya Kinshasa. Karatasi za komini ni mapato ya komini. Na ushuru wowote wa jimbo una sanduku lake. Kila sanduku lina kitansi chake, na kitansi cha hapa hakitambuliki pale. Mtu anayekuambia "nipe zote kwa pamoja, nitalipa kila mahali" ni wakala, na kati ya sanduku la kwanza na la tatu sehemu ya pesa yako itabaki kwake. Lipa mwenyewe, mahali kwa mahali, hata kama ni kuzunguka.

Asiye na uwezo ana njia, nayo haitangazwi. Huduma za jamii za komini, pamoja na DIVAS, ambayo ni divisheni ya jimbo ya mambo ya jamii, hutoa atestasio ya umaskini. Ukiiambatanisha na ombi lako, unaweza kuomba korti ikuondolee ada. Iombe kabla ya kufungua jalada, ukishalipa hurudishiwi. Mtumishi wa jamii atakuuliza unakaa wapi, na watu wangapi, unapata nini, na pengine atakutembelea. Huduma hii ya atestasio, kwa uaminifu wote, ni moja ya zile zinazofanya kazi kuliko sifa yake, kwa sababu haihitaji bajeti: kalamu, muhuri na mtu anayejua kartye yake. Ila inaomba uvumilivu, na wengine wanaona aibu kuiomba. Tunashauri aibu iachwe nyumbani.

Njia nyingine ni korti inayotembea, odiyansi forene. Mara kwa mara mahakimu hushuka kartye au sekta na kusikiliza maombi mengi kwa mpigo, hasa wakati wa kampeni za kuandikisha watoto. Kwa familia yenye watoto wanne wasio na akti hakuna njia nafuu zaidi. Taarifa hupita kwa shefu wa kartye, kanisani na redioni. Mpe shefu orodha yako mapema, kwa sababu majina hukusanywa kabla mahakimu hawajafika.

Na kuna njia ya tatu, ambayo utapewa nje ya geti kabla hujauliza. Kijana ataahidi akti "ya leo", bila korti. Zinatengenezwa namna mbili. Ya kwanza, tarehe ya kuzaliwa inasogezwa mbele ili mtoto wa miaka miwili aonekane wa miezi miwili. Akti ni ya kweli, kitabu ni cha kweli, ila mtoto amepoteza miaka miwili ya umri wake, na cheti cha maternite na kadi ya chanjo vitamsuta maisha yake yote. Ya pili, karatasi ina muhuri mzuri na namba ambayo haipo kwenye rejista yoyote. Namna ya kuijua ni kwenda dirishani na kuomba nakala kwa volyumu na folio iliyoandikwa. Kama kwenye folio hiyo kuna mtoto wa mtu mwingine, umeshaelewa. Fanya hivyo mapema, usingoje ubalozi ukufanyie.

Neno kwa waliozaliwa kabla ya 2015. Jimbo la Katanga liligawanywa mwaka huo kuwa Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika, na baadhi ya watu wanadhani akti yenye kichwa "Province du Katanga" imekufa. Haikufa. Wala vitabu havikuhamia Lubumbashi: aliyeandikishwa Dilala au Manika, Kolwezi, anatafuta nakala hukohuko, ijapokuwa sasa ni jimbo la Lualaba. Usikubali kuuziwa supletifu mpya kwa sababu tu ya jina la jimbo lililobadilika.

Kwa huduma nyingine za dirisha hilohilo hatuna mengi. Kibali cha kuzika hutoka upesi, kama inavyotakiwa. Ndoa ya komini ina mpangilio, na tangu 2016 umri ni miaka 18 kwa wote wawili bila ubishi, jambo ambalo akti ya kuzaliwa ndiyo inayolithibitisha. Kwa watu wenye ulemavu, sheria ya kiungo namba 22/003 ya 3 Mei 2022 ina ahadi nyingi nzuri. Kwenye ofisi zenye ngazi bila mteremko wa kiti cha magurudumu, omba mtumishi ashuke na kitabu uani, na usione kama ni upendeleo.

Kama tungepewa kubadilisha kitu kimoja tu, hatungegusa sheria ya siku 90. Tungetafuta mstari wa bajeti wa vitabu vya rejista. Hapo kuna mlango mpya kidogo. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza tangu Katiba ya 2006, madiwani wa komini walichaguliwa kwenye miji mikuu ya majimbo, Lubumbashi ikiwemo. Kwa ile sheria ya kiungo ya 2008, baraza la komini ndilo linalojadili na kupitisha bajeti ya komini, chini ya usimamizi wa gavana. Diwani wako anaweza kuulizwa maswali matatu yenye majibu ya tarakimu: bajeti ya mwaka huu ina vitabu vingapi vya rejista, ni bei gani kwa kimoja, na vimeshafika vingapi. Uliza kabla bajeti haijapigiwa kura, na uliza kwa barua yenye nakala iliyopokelewa na kupigwa muhuri.

Mwisho wa foleni, ukishaipata akti, usiipeleke lamineti. Ofisi nyingi zinataka kugusa karatasi na kuona muhuri uliokauka juu ya saini, na nyingine hukataa kabisa karatasi iliyofungwa plastiki. Omba nakala mbili zilizothibitishwa siku hiyohiyo, maana kitabu kiko mezani na kimefunguliwa kwenye ukurasa wako. Moja ya shule, moja ya kutunza, na ile asilia isitoke nyumbani bila sababu.